Seti ya novena ya Mwenyeheri Miguel Pro madukani Mwanza: kipi ununue, kipi ukiache

Kwenye maduka ya vifaa vya ibada hapa Mwanza, wafiadini wa Uganda hawakosekani. Kadi zao, vitenge vyao na kalenda zao zimejaa, hasa kuanzia Mei watu wanapojiandaa na hija ya Namugongo ya tarehe 3 Juni. Mwenyeheri Miguel Pro ni habari nyingine. Padre huyu Mjesuiti wa Meksiko, aliyepigwa risasi tarehe 23 Novemba 1927 wakati serikali ya nchi yake ilipokuwa ikilitesa Kanisa, kwetu bado anajulikana na wachache, na vifaa vya ibada yake huonekana madukani karibu na sikukuu yake tu. Ndiyo maana seti hii mpya inastahili kutazamwa kwa makini. Inakuja kwenye bahasha ya plastiki yenye kadi mbili za sala, kijitabu cha kurasa 32 cha novena, yaani sala ya siku tisa, rozari na mshumaa wa kikombe. Seti nzima ni Sh 15,000. Ukiomba kadi na kijitabu peke yake, muuzaji anakuachia kwa Sh 6,000, na kwa watu wengi hicho ndicho cha kununua.

Kadi ndiyo roho ya seti. Ya kwanza inamwonyesha Padre Pro amesimama, mikono ameinyoosha pande mbili kama msalaba, mmoja umeshika msalaba mdogo na mwingine umeshika rozari. Hakuna mchoraji aliyeibuni. Ni picha ya kamera, iliyopigwa asubuhi ile ile kwenye uwanja wa makao makuu ya polisi jijini Mexico City. Utawala wa Rais Plutarco Elías Calles uliita waandishi wa habari na wapiga picha washuhudie, ili wananchi wamwone padre akiishia kwa aibu. Walichokiona ni mtu aliyeomba nafasi ya kusali, akapiga magoti, akainuka, akakataa kufungwa kitambaa machoni, akawasamehe waliomuua, kisha akapaza sauti: “Viva Cristo Rey”, yaani Aishi Kristo Mfalme. Magazeti yalizichapisha picha hizo, na kilichokusudiwa kumdhalilisha kikageuka picha ya ibada. Ni wafiadini wachache sana katika historia ya Kanisa ambao tunaweza kuwatazama katika dakika yao ya mwisho namna hii. Kwa hiyo kadi ya Padre Pro hupimwa kwanza kwa uaminifu wa picha, mapambo baadaye.

Seti hii imefanya vizuri hapo. Picha imebaki nyeusi na nyeupe, haikupakwa rangi wala kuongezewa damu. Amevaa suti, na ndivyo inavyotakiwa, kwa sababu sheria ya Calles ya mwaka 1926 ilikataza mapadre kuvaa mavazi yao nje ya makanisa. Zipo kadi nyingine mitaani zilizomvika kanzu nyeusi na kola kwa kompyuta. Waliofanya hivyo walidhani wanamheshimu, kumbe wamefuta nusu ya ushuhuda wake: alizunguka jiji kwa baiskeli akiwa amejigeuza fundi, karani au ombaomba, huku akibeba Ekaristi kwa watu waliofichama majumbani. Jambo la pili la kukagua ni mikono. Kadi nyembamba za upana wa sentimita 6 mara nyingi hukata picha kwenye viganja, msalaba na rozari vikapotea, akabaki mtu aliyenyoosha mikono asiyejulikana anafanya nini. Kadi ya seti hii ina upana wa sentimita 7 na urefu wa 11, na viganja vyote viwili vinaonekana. Ukiisogeza kwenye mwanga utaona hata shanga za rozari zikining’inia.

Kadi ya pili ina sura yake peke yake, na nyuma kuna sala ya kuomba atangazwe mtakatifu. Ni nzuri ya kuweka kwenye misale. Haina la ziada.

Sasa uchapaji, maana kwa mtu wa pwani ya ziwa hili si jambo dogo. Kadi itakaa mfukoni kwa mvuvi, kwenye pochi ya mama anayeuza dagaa Mwaloni Kirumba, au ukutani kwenye nyumba ambayo Novemba hulowa kwa mvua za vuli. Kuna namna mbili za kuchapa zinazotumika na wachapaji wadogo: mashine ya wino wa maji na mashine ya lesa ya wino wa unga. Ya wino wa maji inatoa picha laini inayopendeza dukani, lakini tone moja la maji linaisambaza. Pima hivi kabla ya kulipa: lowesha ncha ya kidole, sugua kona ya nyuma ya kadi mara tatu. Kidole kikitoka na weusi, iache. Kadi za seti hii zimechapwa kwa lesa na hazitoi rangi.

Shida iko kwenye laminesheni. Aliyezikata amepitisha mkasi sambamba kabisa na karatasi, bila kuacha ukingo wa plastiki. Plastiki ya laminesheni hushikana vizuri na plastiki mwenzake, si na kingo za karatasi. Usipoacha ukingo wa angalau milimita 3 kuzunguka kadi nzima, maji huingia pembeni, karatasi hunyonya, na baada ya wiki chache pembe zinafunguka na kuota madoa ya kijivu. Ukishainunua, dawa yake ni rahisi: ipeleke kwa yeyote mwenye mashine ya laminesheni, aiingize kwenye plastiki nyingine pana zaidi, na umwambie aache ukingo, akate pembe ziwe za mviringo. Pembe kali ndizo huanza kubanduka, na huchana mfuko wa shati. Ukichapisha kadi za Jumuiya nzima, agiza karatasi ya gramu 250 au 300. Ya gramu 80, hii ya kawaida ya ofisini, hujikunja ndani ya plastiki inapopita kwenye joto.

Kijitabu ni kizuri kuliko vingi vya aina yake, lakini kina makosa yanayotakiwa kusahihishwa kwa kalamu kabla ya kukipeleka kwenye Jumuiya. La kwanza liko kwenye jalada: kimeandikwa “Mtakatifu Miguel Pro”. Bado hajatangazwa. Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza kuwa Mwenyeheri, ngazi iliyo chini ya Mtakatifu, tarehe 25 Septemba 1988, na hapo ndipo alipo hadi sasa. Tofauti hii ina matokeo. Mwenyeheri huadhimishwa katika liturujia mahali aliporuhusiwa tu, kama vile kwao Meksiko na katika shirika lake la Wajesuiti. Katika kalenda ya jumla ya Kanisa tarehe 23 Novemba inamkumbuka Mtakatifu Klementi wa Kwanza na Mtakatifu Kolumbani. Kwa hiyo usimwendee paroko kudai Misa ya Padre Pro, wala usimwingize katika Litania ya Watakatifu ndani ya liturujia kwa uamuzi wako. Sala ya Jumuiya, novena ya familia, sala ya mtu binafsi kitandani hospitalini, hayo yote ni huru kabisa.

Kosa la pili limeenea hata nje ya kijitabu hiki: kumhesabu kati ya wafiadini wa Meksiko waliotangazwa watakatifu tarehe 21 Mei 2000. Wale ni Mtakatifu Kristoforo Magallanes na wenzake, jumla yao 25, mapadre 22 na walei 3. Padre Pro hayumo. Wala asichanganywe na kijana José Sánchez del Río, aliyeuawa Februari 1928 na kutangazwa mtakatifu mwaka 2016. Ni mateso yale yale na kilio kile kile cha Kristo Mfalme, ila kila mmoja ana habari yake.

La tatu ndilo linaloniudhi zaidi. Ukurasa wa 9 unasema “alihukumiwa na mahakama”. Hapakuwa na mahakama. Tarehe 13 Novemba 1927 kulitokea jaribio la kumuua kwa bomu Jenerali Álvaro Obregón, aliyekuwa rais kabla ya Calles. Gari lililotumika lilikuwa limewahi kumilikiwa na mmoja wa ndugu za Padre Pro, na kwa uzi huo mwembamba yeye na ndugu zake Humberto na Roberto wakakamatwa. Siku kumi baada ya bomu alikuwa ameshauawa, bila kesi, bila wakili, bila hukumu iliyosomwa. Humberto aliuawa asubuhi hiyo hiyo pamoja na Luis Segura Vilchis na Juan Tirado, na Roberto akanusurika dakika za mwisho. Ukiandika “mahakama” unawapa watesi wake kitu ambacho hawakuwa nacho. Futa neno hilo, andika “bila kesi”.

Baada ya masahihisho hayo, masomo ya siku tisa yanafaa sana. Siku ya nne ndiyo bora. Inaeleza jinsi, baada ya sheria za Calles kuanza kutumika tarehe 31 Julai 1926, maaskofu walivyosimamisha ibada za hadhara nchi nzima, na jinsi Padre Pro, aliyekuwa amerudi nyumbani mwezi huo huo kutoka masomoni Ubelgiji, alivyopanga vituo vya Ekaristi katika nyumba za watu. Waamini waliambiwa nyumba ipi na saa ngapi, wakaja wachache wachache, wakaungama, wakakomunika, wakatawanyika. Msomaji wa Mwanza hahitaji kuelezwa sana, kwa sababu Jumuiya zetu nazo hukutana nyumba kwa nyumba, sebuleni, viti vya kuazima, watoto wamekaa mkekani. Sisi tunafanya kwa uhuru, wao walifanya kwa hatari ya maisha. Somo hilo lisomwe polepole, na atafutwe msomaji mzuri.

Siku ya sita inahusu maumivu ya tumbo. Alisumbuliwa na vidonda vya tumbo kwa miaka, akafanyiwa upasuaji mara kadhaa huko Ubelgiji baada ya kupewa upadre tarehe 31 Agosti 1925, na alirudi Meksiko akiwa bado dhaifu. Ndiyo sababu wagonjwa wa tumbo humkimbilia. Kijitabu kingeongeza sentensi moja kwamba novena haiondoi vidonge, maana wapo wanaoacha dawa siku ya kwanza ya novena wakidhani kuendelea nazo ni kukosa imani. Endelea na dawa zako hadi daktari aseme vinginevyo. Siku ya saba ni ya wafanyakazi. Baba yake alikuwa mhandisi wa migodi huko Zacatecas, naye alikulia kwenye mji wa machimbo wa Concepción del Oro. Akiwa Ubelgiji aliwatembelea wachimbaji wa makaa ya mawe wa Charleroi. Mtu mwenye ndugu kwenye mashimo ya dhahabu Geita ataipenda siku hii.

Mpangilio wa kila siku ni huu: ishara ya msalaba, sala ya kufungua, somo, kimya kidogo, nia, Baba Yetu, Salamu Maria na Atukuzwe mara tatu tatu, sala ya kumwomba Mwenyeheri, na kuhitimisha. Kwa watu 10 hadi 15 inachukua kama dakika 20. Kinachoharibu ni mambo mawili. La kwanza, kila mtu kutaja nia yake kwa hotuba. Mwenyekiti aseme mapema: nia moja, sentensi moja. La pili, kuunganisha rozari nzima ndani ya novena. Kijitabu kinashauri hivyo, lakini siku ya tatu watu huanza kuchelewa, siku ya tano wamebaki wanne. Rozari isaliwe kabla, na wanaoweza, na novena ianze saa iliyotangazwa. Pia chagueni nyumba yenye dari kama ipo. Katikati ya Novemba mvua ya jioni ikishuka juu ya bati tupu, hakuna somo litakalosikika, na hapo ni bora kuimba hadi ipungue kuliko kupiga kelele.

Ndani ya bahasha kuna karatasi ndogo ambayo haikutajwa kwenye orodha. Inasema ukitoa nakala 9 na kuziacha kanisani, ombi lako “litajibiwa bila kukosa siku ya tisa”. Itupe. Huo ni ushirikina uliovaa nguo ya sala, na unawaumiza watu wenye wagonjwa, ambao siku ya kumi hujilaumu kwamba hawakutoa nakala za kutosha. Mchapaji aiondoe kwenye toleo lijalo.

Rozari ndiyo sehemu dhaifu ya seti. Kabla ya kuondoka dukani, hesabu shanga. Rozari kamili ina shanga 59: ndogo 53 za Salamu Maria na kubwa 6 za Baba Yetu. Kwenye mkia, kutoka msalabani, kubwa moja, ndogo tatu, kubwa moja, kisha medali ya kati, kisha makumi matano yaliyotenganishwa na kubwa nne. Katika rozari za seti hizi utakuta nyingine zina kumi lenye shanga 9 au 11. Anayesali gizani kwa kugusa atapotea kila siku mahali pale pale.

Mnyororo wake ni waya laini wa chuma uliopakwa rangi ya fedha. Unyevu wa ziwa na jasho la mkono huula upako huo haraka, kutu ikatokea kwanza kwenye pete zinazoshika medali ya kati, kwa sababu hapo ndipo uzito wote huvutwa. Pete zenyewe hazijafungwa sawasawa. Ukitazama kwa karibu utaona mwanya wa unene wa ukucha kati ya ncha mbili, na pete ya jirani hutokea hapo. Ukitaka kuinusuru, chukua plaizi mbili ndogo za mdomo mwembamba. Usiitanue pete pembeni wala kuibana kwa nguvu, waya utachoka na kukatika. Izungushe: ncha moja isogee mbele na nyingine nyuma, kisha zirudishe zikutane, uzipitishe kidogo, uzirudishe tena hadi zigusane. Fanya hivyo kwa pete tatu za medali ya kati na ile ya msalaba, na rozari itadumu muda mrefu zaidi. Kutu yenyewe haitazuilika.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa wakazi wa kandokando ya ziwa ni kuachana na mnyororo kabisa. Nenda kwenye maduka ya zana za uvuvi, ununue uzi wa nailoni wa nyavu. Huuzwa kwa namba, na mwenye duka atakuelewa ukimtajia. Namba 210/9 inapita kwenye tundu la shanga za kawaida za plastiki. Kata mita 2. Ncha moja ichovye kwenye nta ya mshumaa iliyoyeyuka, ikikauka inakuwa ngumu kama sindano. Panga shanga zile zile, funga fundo kabla na baada ya kila shanga kubwa, na katika kila kumi acha nafasi tupu ya shanga mbili au tatu. Ukizibananisha, uzi husagika kwenye kingo za tundu na kukatika. Nafasi hiyo pia ndiyo inayokuwezesha kusogeza shanga kwa kidole unaposali. Nailoni huteleza, kwa hiyo fundo la mwisho liwe maradufu, ncha ikatwe ikiachwa milimita 4, kisha isogezwe karibu na moto wa kiberiti hadi iyeyuke na kuwa kitone kigumu. Usiguse kwa kidole hadi ipoe, maana nailoni iliyoyeyuka huganda kwenye ngozi.

Kwa mvuvi anayelala majini na karabai, hata shanga aziache. Rozari ya mafundo matupu ndiyo inayomfaa. Chukua uzi mnene, 210/36, urefu wa mita 6. Kila Salamu Maria ni fundo moja: zungusha uzi mara tatu kwenye kidole cha shahada, pitisha ncha ndani ya mizunguko kuelekea ukucha, vua kidole, vuta taratibu huku ukiisukuma mizunguko ilale sambamba. Fundo la Baba Yetu lizungushwe mara nne au tano ili litofautiane kwa kugusa. Wanaoanza hukosea kuvuta haraka, mzunguko mmoja ukapanda juu ya mwenzake, fundo likawa na kibyongo. Ukiona hivyo lifungue kabla halijakaza, likishakaza halifunguki. Rozari ya namna hii inalowa, inakauka, haishiki kutu, na ikianguka ndani ya mtumbwi haipigi kelele. Gharama yake ni ndogo kuliko ya rozari ya seti. Medali na msalaba wa seti unaweza kuvihamishia humo, maana msalaba wake ni wa aloi isiyoshika kutu.

Mshumaa wa kikombe hauna ubaya, ila haufai kwa novena. Mshumaa mpana unataka uwake hadi uso wote uyeyuke, na hilo halitokei kwa dakika 20. Ukiuwasha kidogo kidogo kila siku, utambi unachimba shimo katikati, nta ya pembeni inabaki, na siku ya sita mwali unazama na kuzimika. Mishumaa miwili myembamba ya kawaida ndani ya glasi yenye mchanga inatosha siku zote tisa, na glasi inakinga upepo wa jioni unaotoka ziwani.

Muuzaji anaweza pia kukuonyesha kadi ya tatu, isiyo sehemu ya seti, yenye kipande cha kitambaa cha milimita chache kilichobandikwa chini ya picha na maneno “masalia ya Padre Pro”. Bei yake ni mara nne ya kadi ya kawaida. Hapa nasema bila kuzunguka: usiinunue. Masalia ya Padre Pro, yaani mabaki ya mwili wake, yametunzwa Mexico City, katika kanisa la Familia Takatifu, mtaa wa Roma. Zipo kadi halali zenye kitambaa kilichogusishwa kwenye masalia, na hutolewa bure au kwa sadaka ya hiari, kwa sababu sheria ya Kanisa, kanuni ya 1190, inakataza kabisa kuuza masalia. Kadi yenye bei ya kitambaa inajihukumu yenyewe. Ama kitambaa si kweli, ama kinauzwa kinyume cha sheria.

Na kuhusu baraka: baadhi ya maduka huandika “imeshabarikiwa” ili kuongeza bei. Rehema (msamaha wa adhabu za dhambi unaotolewa na Kanisa) iliyounganishwa na kifaa cha ibada kilichobarikiwa hukoma kifaa hicho kinapouzwa. Nunua kwanza, kisha umpelekee padre baada ya Misa. Kama unatengeneza rozari upya kwa uzi, maliza kazi hiyo yote ndipo ukabarikishe.

Kuna ukurasa mmoja wa mwisho kwenye kijitabu ambao wengi hawaufungui, nao ndio wenye uzito mkubwa kwa wenye wagonjwa. Unaeleza namna ya kutoa taarifa ya neema iliyopatikana. Kwa kuwa Padre Pro ni mfiadini, kutangazwa Mwenyeheri hakukuhitaji muujiza. Kutangazwa Mtakatifu kunauhitaji. Uponyaji unaochunguzwa lazima uwe kamili, wa ghafla, wa kudumu, na usioelezeka kwa sayansi ya tiba. Maelezo ya kijitabu ni sahihi ila ni mafupi mno, kwa hiyo naongeza. Mkimwombea mgonjwa mahututi kwa maombezi yake, mwombeni yeye peke yake. Ukianzisha novena ya Padre Pro, ya Mtakatifu Rita na ya Mtakatifu Yuda Tadei kwa pamoja, mgonjwa akapona, tumshukuru Mungu, lakini hakuna atakayeweza kusema ni kwa maombezi ya nani. Andika tarehe mliyoanza na majina ya waliosali. Tunza karatasi za vipimo vya kabla na baada, picha za eksirei, na fomu ya kuruhusiwa, iwe mgonjwa yuko Bugando au kituo cha afya cha kata. Karatasi za vipimo zinazochapwa kwa joto, zile zinazotoka kwenye mashine kama risiti, hufifia zikikaa juani, kwa hiyo zitolewe kopi mapema. Yote hayo yakabidhiwe kwa paroko, naye anajua njia ya kuyafikisha.

Kwa tarehe: novena huanza 14 Novemba na kumalizika 22 Novemba, sikukuu ikiwa 23. Mwaka 2026 siku ya kwanza ni Jumamosi, na siku ya tisa inaangukia Jumapili ya Kristo Mfalme yenyewe, sherehe aliyoianzisha Papa Pius wa Kumi na Moja mwaka 1925, miaka miwili kabla ya Padre Pro kufa akiwa na jina hilo mdomoni. Parokia nyingi zitakuwa na maandamano ya Ekaristi mchana, kwa hiyo Jumuiya zipange sala ya siku ya tisa jioni sana au asubuhi kabla ya Misa. Kadi zinazohitajika ziagizwe kabla Oktoba haijaisha, maana wachapaji wa mjini Novemba huzidiwa na kadi za harusi na kalenda za mwaka mpya, na kazi ndogo husogezwa nyuma.